Louis Braille: Kijana asiyeona aliyewafungulia wenzake vitabu

Wafaransa wengi mashuhuri waliitwa Louis. Louis Pasteur alitupatia chanjo ya kichaa cha mbwa. Leo mfahamu mwenzake, Louis Braille.

Alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea msharasi wa baba yake, ukamchoma jicho. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili, na kufikia miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Walimpeleka shule ya kijiji, na mwaka 1819 akajiunga na shule ya wasioona mjini Paris. Huko alikuta maandishi ya nukta 12 yaliyobuniwa na Charles Barbier, magumu kusomwa kwa kidole. Louis aliyapunguza hadi nukta 6 akiwa na miaka 15 tu. Alifariki mwaka 1852 kwa kifua kikuu. Shule yake iliyapokea rasmi miaka 2 baadaye.

Leo tunayaita nukta nundu. Je, kwako au kwa jirani yako kuna mtoto asiyeona? Usimfiche. Mwandikishe shule.