Tingatinga na Kopo la Rangi ya Baiskeli

Apitaye penye vibanda vya wauza vinyago na picha, tangu Malindi mpaka Watamu, hakosi kumwona chui mwenye madoadoa makubwa, ndege wa shingo ndefu au tembo wa buluu, wote waking'aa kama waliopakwa mafuta. Muuzaji akiulizwa atasema hizo ni tingatinga. Kwa wengi wetu neno hilo ni lile trekta kubwa la kusukuma udongo, na watu huishia kucheka. Lakini Tingatinga alikuwa mtu, mwana wa Saidi, na mng'ao ule wa picha zake una habari inayotuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Marehemu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkristo, na majina yake mawili yalifuatana hivyo hivyo maisha yake yote. Wazazi walikuwa wakulima, na elimu aliyoipata shuleni ilikuwa ndogo. Katika miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini: alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wazee wetu waliokata mkonge Vipingo hawahitaji kuelezwa kazi hiyo ilikuwaje. Kutoka Tanga akaenda Dar es Salaam kwa jamaa yake aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu, naye akapata kazi ya bustani. Baadaye akawa mtu wa vibarua, leo hiki na kesho kile.

Mwaka 1968, umri wake ukiwa miaka 36 hivi, ndipo alipoanza kuchora picha za kuuza. Hakuwa na chuo wala mwalimu. Yasemekana aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao mjini, akajiona naye anaweza. Shida ilikuwa vifaa. Mchoraji aliyesomea kazi hiyo huanza na kitambaa cha kitani kilichowambwa juu ya fremu, rangi za mafuta zinazotoka ng'ambo, na mwisho vanishi ya kufunika kazi yote. Vitu hivyo vilikuwa ghali, tena havikuwa vya mtu wa kibarua.

Tingatinga alikwenda penye duka la vifaa vya ujenzi. Alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba ambao watu huutumia kwa dari, akaukata vipande vya mraba vya sentimita 60 hivi kila upande. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2, bila kutupa hata chembe. Na rangi alizonunua zilikuwa za makopo, zile ambazo fundi hupakia baiskeli na milango. Alitangulia kupaka ubao wote rangi moja, akangoja ukauke, kisha akamchora mnyama wake katikati, mkubwa, akiujaza ubao karibu wote. Kivuli hakuweka, wala mbali na karibu hakutofautisha. Rangi ya namna ile haipendi kuchanganywa-changanywa ikiwa mbichi, na mtindo wake ukafuata tabia ya kopo.

Watu waliosoma sanaa walimcheka, na wengine wangali wakicheka, eti rangi ya baiskeli si rangi ya picha. Mimi naona wamekosea. Rangi hiyo haikauki kwa maji kuondoka tu. Ndani yake mna mafuta na utomvu, navyo huvuta hewa vikashikana na kuganda (watu wa Ganda mtanisamehe) mpaka vikawa kama kioo chembamba. Yaani vanishi imo tayari ndani ya kopo. Picha za Tingatinga hazikuhitaji kufunikwa na kitu kingine. Hata Picasso, ambaye jina lake halina wa kulibisha, alitumia rangi ya kopo ya kupakia nyumba, iitwayo Ripolin, katika picha zake za mwaka 1912. Mwaka huo huo alibandika kitambaa kilichopigwa chapa ya ukili wa kiti juu ya picha, akaizungushia kamba, na hapo ndipo wengi huhesabu mwanzo wa picha za kubandika katika sanaa ya Ulaya. Hakuna aliyemwambia kwamba ametumia vitu vya fundi wa milango.

Na huo utomvu wa vanishi ulitoka wapi hapo zamani? Ulitoka kwetu. Msandarusi umo mpaka leo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, jirani na Malindi. Utomvu wake, sandarusi, ukikaa ardhini miaka mingi sana hugeuka kuwa mgumu kama jiwe la rangi ya asali, na ngozi yake huwa na vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Mrima waliichimba, wafanyabiashara wakaipeleka Unguja, na tangu miaka ya 1830 merikebu za Salem, Marekani, zilikuja kuichukua. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali pamoja na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya kupakia magari ya farasi na samani za matajiri. Tippu Tip mwenyewe, kabla ya kujulikana kwa pembe na watumwa, alianza utotoni kwa safari ndogo za kuuza sandarusi. Kisha karne ya ishirini ikaleta utomvu wa viwandani, hasa ule uitwao alkidi, ulioanza kuenea katika miaka ya 1920. Ulikuwa rahisi na haukuhitaji mchimbaji. Soko la sandarusi likadidimia. Rangi za makopo za miaka ya 1960 kwa kawaida zilikuwa za alkidi hiyo, na hivyo ndivyo mtu wa Dar es Salaam alivyonunua dukani, kutoka kiwandani, kile ambacho babu zake walikuwa wakikichimba kwa jembe.

Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, mahali walipokuja Wazungu kununua vyakula. Mkewe ndiye aliyekaa nazo akiziuza, na haki ya mama huyo mara nyingi husahauliwa. Tingatinga alikuwa amepata kazi katika hospitali ya Muhimbili, akichora baada ya saa za kazi. Alichora chui, nyati, ndege, na watu pia. Wapo katika sisi wasiopenda kutundika picha za viumbe vyumbani mwao, na katika hilo kila mtu na nyumba yake. Lakini kazi ya mkono wake haina ubishi. Wanunuzi wakaongezeka, naye akawakusanya vijana, wengine jamaa zake, akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa mhalifu aliyekuwa akikimbia. Akafa akiwa na miaka 40 hivi, baada ya kuchora kwa muda wa miaka minne tu. Aliacha mke na watoto wadogo. Siku hizi picha zake halisi hushindaniwa kwa fedha nyingi na matajiri wa nchi za mbali, na za kughushi zenye jina lake nazo hazikosekani.

Wanafunzi wake hawakutawanyika wote. Wengine waliendelea kuchora pale pale, na mwaka 1990 kukaundwa chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Jambo moja tu likabadilika, nalo ni kubwa: wengi waliacha ubao wakahamia kitambaa, kwa kuwa mtalii anataka kitu cha kukunja na kutia katika sanduku. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Rangi ya kopo kila ikizeeka huzidi kuwa ngumu. Juu ya ubao usiopinda haina neno, lakini juu ya kitambaa kinachokunjwa na kukunjuliwa hupasuka, kisha hubambuka vipande vipande. Ubao nao una adui yake, ambaye ni unyevu. Hewa ya chumvi ya kwetu huingia kwenye kingo zilizokatwa, hadibodi ikavimba kama mkate uliotiwa chai. Dawa yake ni kupaka kingo zote na mgongo wa ubao kabla ya kuanza picha.

Vijana wanaopenda kubandika vipande vya kanga, magazeti na makombe ya bahari juu ya picha za namna hii wayajue haya pia. Gundi nyeupe ya maji hushika vizuri karatasi na nguo juu ya ubao mtupu, lakini juu ya rangi inayong'aa haishiki mpaka uso upigwe msasa kwanza. Uji wa unga wa ngano huita mende na ukungu. Gazeti litageuka manjano hata likifunikwa vipi, maana ila imo ndani ya karatasi yenyewe. Na atakayetaka vanishi juu ya rangi ya kopo asiwe na haraka. Rangi hukauka juu siku moja, ndani ikabaki laini majuma kadhaa, na vanishi yenye thina kali ikipakwa mapema huikunja rangi yote kama ngozi ya maziwa ya moto.