Francis Aston, mtu aliyepima uzito wa atomu

Wengi wetu tumesikia jina la Shinkolobwe, mgodi wa Katanga uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya nyuklia. Wachache wanajua jina la Francis William Aston, Mwingereza aliyesaidia kufungua mlango wa elimu hiyo. Alifariki Cambridge tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1945, miezi mitatu na nusu tu baada ya mji wa Hiroshima kuteketea. Kazi ya maisha yake ilikuwa kupima vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Aston alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tisa 1877 huko Harborne, karibu na Birmingham, katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma na mkulima. Tangu ujana alipenda kufanya majaribio nyumbani na kutengeneza vyombo vya kioo kwa mikono yake. Alisoma kemia, lakini maisha yalimpeleka kwanza katika kiwanda cha bia, alikofanya kazi miaka mitatu kabla ya kurudi chuoni Birmingham mwaka wa 1903.

Mwaka wa 1910 aliitwa Cambridge kumsaidia profesa J. J. Thomson. Wakati ule wanasayansi walikuwa na fumbo. Waliamini atomu zote za kitu kimoja zina uzito sawa, lakini vipimo vilitoa hesabu zenye vipande: hewa ya neoni 20.2, klorini 35.5. Thomson alipopima neoni, aliona alama mbili badala ya moja. Je, neoni ni za aina mbili? Aston alijaribu kuzitenganisha, lakini vita vya 1914 vilikatiza kazi, naye akapelekwa Farnborough kwenye utafiti wa ndege. Siku moja ndege aliyopanda ilianguka, akanusurika.

Mwaka wa 1919 alirudi Cambridge na kuunda mashine yake. Mama anapopepeta mchele, upepo hupeleka makapi mbali na punje nzito huanguka karibu. Mashine ya Aston ilifanya jambo linalofanana na hilo, ila upepo wake ulikuwa umeme na sumaku. Atomu zilizotiwa chaji zilipita kwa kasi, nyepesi zikapinda zaidi, nzito zikapinda kidogo, na kila uzito ukaacha mstari wake kwenye kioo cha picha.

Fumbo likafumbuka. Neoni ni mchanganyiko: katika sehemu kumi, karibu tisa zina uzito wa 20 na moja ina 22. Gawanya, utapata 20.2. Klorini nayo ina 35 na 37. Ndugu hawa wa jina moja wenye uzito tofauti huitwa isotopi. Kati ya isotopi zote za asili, Aston aligundua 212. Mwaka wa 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa upungufu mdogo. Heli inaundwa kwa vipande vinne vya uzito wa hidrojeni, ila Aston aliona kwamba heli ni nyepesi kuliko hidrojeni nne, kwa chini ya sehemu moja katika mia. Uzito uliopotea umekwenda wapi? Mwaka wa 1920 mwanafalaki Arthur Eddington alishika hesabu hiyo na kusema kwamba uzito huo hugeuka nguvu, na ndiyo inayowasha jua. Aston mwenyewe, akipokea tuzo yake Stockholm, alionya kwamba binadamu akiweza kufungua nguvu hiyo atapata uwezo kupita ndoto zake, na huenda akashindwa kuuzuia.

Hata yeye hakuona kila kitu. Alipopima urani mwaka wa 1931, aliona aina ya 238 peke yake. Ile ya 235, isiyofika moja katika mia, iligunduliwa na Arthur Dempster wa Chicago mwaka wa 1935. Hiyo ndiyo iliyolipuka juu ya Hiroshima, na madini yake mengi yalichimbwa na Wakongomani.

Aston hakuoa. Alipenda muziki, pikipiki, michezo ya theluji na safari za mbali. Mali yake nyingi aliiachia chuo chake cha Trinity. Leo mashine zilizozaliwa na ile yake zinapima damu ya wagonjwa, zinakamata wanamichezo wanaotumia dawa zilizokatazwa, na zinatuambia umri wa mawe. Katanga ilitoa jiwe, Cambridge ikatoa mizani. Jina la mwenye mizani linakumbukwa kwa tuzo. Majina ya wengi waliochimba lile jiwe hayakuandikwa popote.