Mária Telkes, mwanamke aliyetaka nyumba ipate moto kutoka jua

Siku moja kabla ya Noeli ya mwaka 1948, familia moja ilihamia katika nyumba mpya huko Dover, muji mdogo karibu na Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kule mwezi wa Desemba ni wa theluji, na baridi yake inaua. Lakini nyumba hiyo haikuwa na jiko la kuni, haikuwa na tangi la mazutu, haikuwa hata na gunia moja la makala. Baba, mama na mtoto wao waliingia wakitegemea vitu viwili tu: jua, na chumvi iliyofungwa ndani ya bidoni za chuma katikati ya kuta.

Baba wa familia hiyo alikuwa binamu wa mwanamke aliyebuni mpango wote. Jina lake Mária Telkes, mwenye shahada ya udaktari katika kemia, umri wake miaka 48. Magazeti ya Marekani yalikuwa yanamwita Malkia wa Jua. Jina hilo lilimpa sifa, na lilimpa pia maadui.

Telkes alizaliwa Budapest, muji mkuu wa Hungaria, tarehe 12 Desemba 1900, mtoto wa kwanza kati ya wanane. Alianza kusoma habari za nguvu ya jua akiwa bado kijana wa masomo ya sekondari, na kiu hiyo haikumwacha tena. Alisomea kemia na fizikia katika chuo kikuu cha muji wake, akapata udaktari mwaka 1924, wakati ambapo wasichana wengi wa Ulaya hawakufika hata mlangoni pa chuo kikuu. Mwaka uliofuata alienda Marekani kumtembelea mjomba wake huko Cleveland. Ziara ikageuka maisha. Alipata kazi katika hospitali kubwa ya muji huo, akifanya utafiti pamoja na daktari mpasuaji George Crile juu ya nguvu zinazotoka katika mwili wa viumbe. Mwaka 1937 akapewa uraia wa Marekani, akaingia kompanyi ya Westinghouse, ambako alishughulika na metali zinazotoa umeme upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi.

Lakini jua lilikuwa linamvuta. Mwaka 1938 tajiri mmoja wa Boston, Godfrey Cabot, alikuwa ameipa taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, MIT, zaidi ya dola 600 000 ili ichunguze jinsi ya kutumia nguvu ya jua. Telkes aliandika kuomba kazi katika mpango huo, akapokelewa. Kiongozi wake alikuwa Hoyt Hottel, injenieri wa mambo ya moto na mafuta, mtu wa hesabu kali ambaye hakuamini kwamba jua linaweza kushinda mazutu kwa bei. Telkes yeye aliamini hivyo kabisa. Watu wawili wa namna hiyo katika ofisi moja, mgogoro hauko mbali.

Vita ya pili ya dunia ilipofika Marekani, serikali ilimwomba atafute dawa ya tatizo moja: rubani ambaye ndege yake imeanguka baharini anakufa kwa kiu huku amezungukwa na maji. Telkes alitengeneza mfuko wa plastiki unaojazwa pumzi na kuelea juu ya mawimbi. Jua linapiga ndani, maji ya chumvi yanatoa mvuke, mvuke unaganda kuwa matone safi, na mtu anapata kadiri ya litre moja kwa siku. Ni kitu kidogo kinachokunjwa na kubebwa katika mtumbwi wa dharura. Kazi ya kukitengeneza kwa wingi ilichelewa sana, na vita ikakaribia kwisha kabla ya wanajeshi wengi kukipata. Wako wanaosema kwamba mabishano ya ofisini yalichangia ucheleweshaji huo. Hata hivyo mwaka 1945 serikali ilimpa cheti cha heshima.

Baada ya vita alirudi kwenye ndoto yake ya nyumba. Shida ya jua kila mtu anaijua: linaangaza mchana, na baridi inakuja usiku. Ukitaka joto la mchana likae hadi asubuhi, lazima upate pahali pa kuliweka. Wenzake wa MIT waliliweka katika matangi makubwa ya maji. Telkes alichagua chumvi ya Glauber, yaani sulfati ya sodiumu, kitu rahisi ambacho viwanda vingi vilikuwa vinakitumia. Chumvi hiyo inayeyuka kwenye digri 32 hivi. Wakati wa kuyeyuka inameza joto jingi sana bila yenyewe kuzidi kuwa ya moto. Wakati wa kuganda tena inalitoa lote. Kwa nafasi ileile, inabeba joto mara nyingi kuliko maji. Kwenye karatasi, wazo hilo halina kasoro.

Katika majaribio ya MIT ya mwaka 1947 mambo hayakuenda sawa, na Hottel hakutaka tena kusikia habari za chumvi. Rais wa taasisi, Karl Compton, hakutaka kumpoteza Telkes, akamhamishia idara ya metali. Ndipo mwanamke huyo akatafuta njia ya pembeni. Amelia Peabody, msanii wa sanamu mwenye mali, alitoa feza na kiwanja. Eleanor Raymond, mchora ramani za nyumba, alichora jengo. Mwanakemia, msanii na mchora ramani, wote wanawake, wakajenga mwaka 1948 kitu ambacho mainjenieri wanaume walikataa kukijaribu. Kwa Marekani ya wakati ule, hilo peke yake lilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Nyumba ya Dover ilikuwa nyembamba, na uso wake wote wa juu unaoelekea kusini ulikuwa wa vioo: madirisha 18 yaliyopangwa mstari mmoja. Nyuma ya vioo kulikuwa na mabati yaliyopakwa rangi nyeusi. Mtu wa Goma au Uvira aliyewahi kugusa manjanja saa saba mchana anaelewa bila kufundishwa. Hewa iliyopata moto pale ilisukumwa na feni hadi kwenye vyumba vidogo vya siri katikati ya kuta, ambako kulikuwa na tani 21 za chumvi ndani ya bidoni. Usiku, feni nyingine zilipeleka joto hilo ndani ya nyumba. Telkes alipiga hesabu kwamba chumvi ikijaa, familia inaweza kupitisha siku kumi hivi bila kuona jua.

Majira mawili ya baridi yalipita vizuri. Wageni walikuja kwa maelfu kuona, magazeti yakaandika, watu wakaanza kusema kwamba mazutu yamepata mpinzani. Majira ya tatu, chumvi ikakataa. Kila inapoyeyuka na kuganda, sehemu yake nzito ilishuka chini ya bidoni na sehemu ya maji ikabaki juu, na vikishatengana havirudiani tena kwa urahisi. Bidoni nazo zilishikwa na kutu, zikaanza kuvuja. Familia ikatetemeka katika nyumba ambayo dunia nzima ilikuwa inaisifu, na mwishowe jiko la mafuta likawekwa humo kama kwa majirani wote.

Hapa ndipo maisha ya Telkes yanapokuwa magumu kuhukumu. Je, aliharakisha? Inaonekana ndiyo. Tatizo la kutengana lilikuwa limeshaonekana katika majaribio ya awali, na mtu mwenye subira zaidi angebaki laboratwari mwaka mmoja au miwili kabla ya kuweka binadamu ndani. Lakini kama angengoja ruhusa ya waliomzunguka, pengine nyumba isingejengwa kamwe. Mwaka 1952 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya chama cha wanawake mainjenieri wa Marekani. Mwaka uliofuata MIT ikamwondoa kazini.

Hakukaa nyumbani kulia. Alienda chuo kikuu cha New York, akaanzisha laboratwari ya jua, na shirika la Ford likampa dola 45 000 ili atengeneze jiko la kupikia kwa jua ambalo mama wa kijijini katika inchi yoyote ya joto anaweza kulitumia. Alitengeneza sanduku lililozuiliwa joto lisitoke, lenye kioo juu na mabawa manne ya kung’aa yanayokusanya mwanga, lenye moto wa kutosha kuoka mkate. Halikuhitaji kuni, wala halikutoa moshi. Kwa familia za Kivu zinazonunua makala kila juma kwa ajili ya mbabula, na kwa miti ya Virunga inayogeuzwa makala hayo, mawazo ya mwanamke huyo wa Budapest hayajazeeka.

Baadaye alipitia kompanyi mbalimbali. Katika moja, Cryo-Therm, alitengeneza vifaa vya kulinda vyombo vinavyoharibika kwa joto au baridi, na kazi hiyo ilitumika katika mpango wa Apollo uliowapeleka watu mwezini. Mwaka 1969 akaenda chuo kikuu cha Delaware. Alikuwa karibu na miaka 70, umri ambao wengi wanahesabu wajukuu. Pale alikutana na Karl Böer, mwanafizikia aliyetoka Ujerumani, na wawili hao wakajenga nyumba ambayo ni babu wa majengo mengi ya leo.

Nyumba hiyo iliitwa Solar One, ilifunguliwa mwaka 1973 katika muji wa Newark, Delaware. Wakati ule seli za jua zilizokuwa zinajulikana ni zile za satelaiti, zinazokatwa kutoka vipande vya silisiumu safi kabisa, bei yake haishikiki. Böer alichukua njia nyingine: utando mwembamba. Badala ya kukata jiwe, unapaka tabaka la madini juu ya bamba, jembamba kama rangi ya ukutani au zaidi. Madini yake yalikuwa kadmiumu iliyochanganywa na sulfuri, na juu yake tabaka la shaba na sulfuri. Nuru ikipiga pale madini hayo mawili yanapokutana, umeme unatembea. Madini yanayotumika ni machache, na yanaweza kupakwa juu ya eneo kubwa.

Jambo jipya zaidi lilikuwa pahali pa kuziweka. Seli za Solar One hazikuwekwa uani juu ya vyuma; zilikuwa sehemu ya paa lenyewe, lililoinama kuelekea kusini. Na kwa kuwa seli yoyote inageuza sehemu ndogo tu ya jua kuwa umeme na inayobaki inakuwa joto, hewa ilipitishwa chini ya paa ili kukusanya joto hilo. Paa moja likatoa vitu viwili, umeme kwa taa na joto kwa vyumba. Joto lilienda wapi? Kwenye chumvi za Telkes. Safari hii alikuwa amejifunza. Aliweka boraksi kidogo ili chumvi ikumbuke kuganda kwa wakati wake, na katika kazi zake za miaka hiyo alitumia pia udongo wa mfinyanzi wa aina fulani ili kuifanya nzito kama uji, isitengane tena. Kulikuwa na chumvi za namna mbili, moja ya kutunza joto la majira ya baridi, nyingine ya kutunza ubaridi wa usiku kwa siku za joto kali.

Miezi michache baada ya kufunguliwa, inchi za Kiarabu zilisimamisha kuuzia Marekani mafuta, na bei ikaruka. Ghafla kila mtu alitaka kuona nyumba ya Delaware.

Utando ule haukuwa bila ugonjwa. Tabaka la shaba liliharibika kwa unyevunyevu na joto, na paa, kama kila mjenzi anavyojua, linapata vyote viwili. Nguvu ya seli ilishuka kadiri muda ulivyopita. Hata hivyo chuo cha Delaware hakikuacha: mwaka 1980 laboratwari yake ilikuwa ya kwanza kufikisha seli ya utando mwembamba juu ya asilimia 10. Kisha dunia ikaiacha shaba na sulfuri, ikachukua kadmiumu na telurumu, ambayo leo inapakwa juu ya vioo na kufunika mashamba makubwa ya jua, na hata kuta za majengo marefu.

Telkes alistaafu Delaware mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa na hati za uvumbuzi zaidi ya 20, lakini aliendelea kushauri watu. Mwishoni mwa 1995 alirudi Budapest kutembelea, na huko akafariki tarehe 2 Desemba, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 95. Mwaka 2012 Marekani iliandika jina lake katika jumba la heshima la wavumbuzi wake. Siku hizi kompanyi za Ulaya na Marekani zinauza mbao za ukuta zenye vitu vinavyoyeyuka na kuganda ili kutunza joto la nyumba, kazi ileile ambayo bidoni za Dover zilishindwa kuimaliza katika majira ya tatu ya baridi.