Dakitari Albert Schweitzer

Mwezi huu twawasimulia habari za Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji wa Kilutheri katika nchi ya Alsace, aliyezaliwa mwaka 1875. Alipokuwa na miaka 30, naye ni mhubiri na mwalimu wa elimu ya Mungu mjini Strasbourg, akaketi tena pamoja na vijana kujifunza utabibu, ili awatumikie wagonjwa wa Afrika. Jioni moja ya Desemba 1911 akamaliza mtihani wa mwisho, wa upasuaji. Wala hakuweza kusadiki ya kuwa taabu ile imekwisha. Kisha akatumika hospitalini mwaka mmoja, akajifunza na magonjwa ya nchi za joto.

Walakini wakuu wa misioni ya Paris waliogopa mafundisho yake, hata akaahidi kutibu tu, asihubiri. Sisi twaona sharti hilo lilikuwa zito kuliko mitihani yote. Aprili 1913 akafika Lambaréné, Gabon, pamoja na mkewe Helene, muuguzi. Nyumba ya kutibia haikuwapo, na wagonjwa wakaja mara. Basi akasafisha banda la kuku, akaanza kazi humo. Baadaye wamisionari wa huko wenyewe wakamwondolea sharti lile, akahubiri.