Mfalme Chulalongkorn na Kasri la Bang Pa-In

Mwaka 1868 nchi ya Siam, ambayo leo twaiita Thailand, ilipata mfalme wa miaka 15. Babake Chulalongkorn, Mfalme Mongkut, alikwenda kutazama kupatwa kwa jua akarudi na malaria iliyomuua. Kijana naye aliugua safari hiyo hiyo, akanusurika.

Kando ya mto Chao Phraya, kusini ya Ayutthaya, palikuwa na kasri la zamani la Bang Pa-In, lililotupwa tangu Waburma walipouteketeza mji huo mwaka 1767. Mongkut alianza kulifufua, na mwanawe akalijenga upya kati ya 1872 na 1889 liwe pa kupumzikia. Kuna baraza la Kithai katikati ya bwawa, jumba la Kichina, na ng'ambo ya mto hekalu la Kibudha lenye sura ya kanisa la Wazungu!

Malkia Sunandha alikuwa njiani kwenda huko Mei 1880 mashua yake ilipopinduka. Sheria ilikataza raia kumgusa mtu wa kifalme, na adhabu yake ilikuwa kifo. Husimuliwa kwamba waliokuwapo walibaki kutazama. Malkia alikufa maji na bintiye mdogo, akiwa na mimba nyingine. Tangu 1873 mfalme alikuwa ameshapiga marufuku watu kumsujudia, lakini sheria hii ilibaki, ikamfika nyumbani kwake. Alimjengea mkewe ukumbusho wa marumaru katika bustani ya kasri.

Utumwa aliuondoa polepole. Amri ya 1874 iliwahusu watoto waliozaliwa tangu 1868, wawe huru wakitimiza miaka 21, na sheria ya 1905 ikamaliza kazi. Hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, tena kwa mkono wa Mwingereza.

Lakini sisi Waislamu tuna la kuongeza. Mfalme huyu alipokusanya madaraka yote Bangkok, usultani wa Patani ulikwisha. Mwaka 1902 Sultani Abdul Kadir Kamaruddin alivuliwa kiti, akafungwa Phitsanulok, mbali na watu wake. Mwaka 1909 majimbo ya Kedah, Kelantan, Terengganu na Perlis yalipewa Waingereza. Patani ikabaki Siam, na mgogoro wake haujesha.

Chulalongkorn alifariki tarehe 23 Oktoba 1910. Siku hiyo bado ni mapumziko Thailand nzima, Patani ikiwemo.