Hans Wilsdorf, yatima aliyegombania uso wa saa

Kabla hujaipeleka saa ya marehemu babu kwa fundi ili uso wake uliochujuka upakwe rangi upya, zijue kwanza habari za Hans Wilsdorf. Huyu ndiye mwanzilishi wa Rolex, na miaka yake mingi ilikwenda katika kugombania kipande cha madini kinachokaribia upana wa sarafu ya shilingi ishirini: uso wa saa, pale jina linapoandikwa.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 huko Kulmbach, Ujerumani. Alipofika miaka 12 alikuwa amekwisha kufiwa na mama na baba. Jamaa waliobaki wakaiuza biashara ya marehemu, wakamtia mtoto shule ya bweni. Huenda wengine wakaona amedhulumiwa, lakini ile shule ndiyo iliyompa hesabu na Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichomlisha. Alifanya kazi Geneva kwa mfanyabiashara wa lulu, bidhaa ambayo wazee wa Ghuba waliijua kuliko Mzungu yeyote. Mwaka 1900 akaingia kampuni ya saa mjini La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za Kiingereza na, kila siku, kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kuangalia kama zinakwenda sawa.

Mwaka 1903 alihamia London, na mwaka 1905 akafungua biashara pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Walileta mitambo kutoka Uswisi, wakaitia katika vikasha vizuri na kuwauzia wenye maduka ya vito. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Desturi ya wakati huo ilikuwa mwenye duka kuandika jina lake mwenyewe usoni mwa saa. Aliyeitengeneza alifichwa ndani ya kifuniko, kwa herufi mbili tatu ambazo fundi peke yake ndiye aliyeziona. Mtu aliivaa saa ya Wilsdorf miaka kumi asijue kwamba kuna Wilsdorf duniani.

Mwaka 1908 alisajili jina Rolex. Lina herufi tano tu, linatamkika kwa lugha yoyote, na linaenea usoni bila kusongamana. Lakini wenye maduka hawakulitaka. Wilsdorf hakugombana nao. Alikwenda nao polepole. Katika kila saa sita alizopeleka, moja aliiandika Rolex. Ilipozoeleka akaandika mbili, kisha tatu. Ujanja huu ulimchukua karibu miaka ishirini, na kwa maoni yangu ulimhitaji subira kuliko uvumbuzi wowote wa kiwanda chake.

Katika miaka hiyo wanaume wengi waliiona saa ya mkononi kuwa pambo la kike. Mwaka 1914 saa yake ndogo ya mkononi ilipata cheti cha daraja la juu kutoka kituo cha Kew, Uingereza, cheti kilichokuwa kikitolewa kwa saa kubwa za mabaharia. Vita vikaja na ushuru mzito juu ya saa kutoka nje, naye akahamia Geneva mwaka 1919. Mwaka 1926 akatoa saa isiyoingia maji, akaiita Oyster, yaani chaza. Mwaka uliofuata binti Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliogelea katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa na saa hiyo ikining'inia shingoni. Baridi ilimshinda, akatolewa kabla ya kufika, lakini saa ilikuwa inakwenda. Wilsdorf alinunua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza. Sasa wateja wakawa wanaingia dukani kuuliza Rolex kwa jina, na mwenye duka angefanya nini?

Mkewe alifariki mwaka 1944. Hawakuwa na watoto, kwa hiyo mali aliiacha kwa wakfu unaoimiliki kampuni hiyo mpaka leo. Yeye alifariki tarehe 6 Julai 1960.

Kichekesho ni kwamba kile alichokipinga ndicho wakusanyaji wanachokitafuta. Uso wenye majina mawili, la Rolex na la duka, huuzwa ghali kuliko wenye jina moja. Na ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Oman. Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, aliagiza saa kupitia duka la Asprey la London zikiwa na jambia usoni, akawatunuku watu, wakiwemo wanajeshi Waingereza waliopigana vita vya Dhofar. Kwa kuwa wengi wenye asili ya Unguja walikwenda kufanya kazi Maskati baada ya mwaka huo, habari hii si ya mbali kwetu.

Vilevile weusi uliogeuka kahawia kwa jua na joto, ambao sisi tungeuita kuharibika, wao huulipia zaidi. Aina moja ya uso wa Daytona haikuwa na wanunuzi ilipotoka miaka ya sitini. Saa ya namna hiyo aliyoivaa mchezaji filamu Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa dola zaidi ya milioni 17.

Fundi akiusugua uso kama huo na kuupaka upya, thamani kubwa imekwenda na rangi. Akikubadilishia, mwambie akurudishie ule wa zamani. Usiusugue mwenyewe pia, kwani saa za kabla ya miaka ya sitini nyingi zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani, na vumbi lake ni hatari kulivuta. Na ukiletewa saa yenye jambia, uliza karatasi na barua za aliyetunukiwa, maana jambia siku hizi linapigwa chapa hata juu ya uso wa kawaida.