Ferdinand von Hebra na Somo la Upele

Ni nadra mwalimu wa shule ya msingi asikutane na mtoto anayejikuna darasani huku wenzake wakimkwepa. Kwa hiyo si ajabu jarida la ufundishaji likamweleza daktari wa ngozi.

Hebra alizaliwa mwaka 1816 mjini Brno, katika Milki ya Austria, akahitimu udaktari Vienna mwaka 1841. Aliwekwa chini ya Josef Skoda, bingwa wa magonjwa ya kifua, ambaye idara yake ilibebeshwa pia wagonjwa wa ngozi, watu waliodharauliwa na madaktari wengi. Hebra aliwachagua hao.

Siku hizo upele ulidhaniwa kutokana na uchafu wa damu, na wagonjwa walitolewa damu na kunyweshwa dawa za kuharisha. Kidudu chenyewe kilikwisha kuonekana. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Corsica, Renucci, aliwaonyesha madaktari wa Paris jinsi ya kukitoa kwa ncha ya sindano, kama alivyowaona wanawake wa kwao wakifanya. (Maprofesa wakafundishwa na wanakijiji!) Hata hivyo, wengi walishikilia kwamba kidudu ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake. Hebra alijipandikizia vidudu mwilini mwake, akaugua upele. Alithibitisha pia kwamba dawa ya kupaka pekee yatosha kuuponya, bila kugusa damu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1844.

Katika kufundisha, mgonjwa aliletwa penye mwanga, na mwanafunzi alipaswa kwanza kueleza alichokiona kwa macho yake, kabla ya kumwuliza mgonjwa lolote. Kwa walio mbali na wadi, kuanzia mwaka 1856 alitoa picha kubwa za rangi zilizochorwa na Anton Elfinger na Carl Heitzmann. Sisi tunaolalamikia uhaba wa zana tungeanza na zile tulizo nazo usoni.

Katika mazoezi ya kufundisha nilipata kumwona mwalimu mwanafunzi akimtoa nje mtoto mwenye upele, kana kwamba ametenda kosa. Hakumtazama vidole, mahali vidudu hivyo hupenda kuchimba. Mtoto akarudi kulala na nduguze, wala wazazi hawakuambiwa kwamba nyumba nzima itibiwe siku moja.

Hebra alifariki tarehe 5 Agosti 1880. Kazi yake ya kufundisha ilirithiwa na Moriz Kaposi, mwanafunzi na mkwewe.